Kisu cha Rangi ya Asali

Lyndon Burkett alimlipa mama yangu dola sitini kwa visu thelathini na kimoja, akaondoka uani kwetu akisema ni yeye aliyepunjwa. Nilikuwepo. Nilimbebea boksi mpaka kwenye gari lake. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, kwamba mikono iliyombebea ni hii hii.

Mimi ni fundi wa mabomba na majoko ya kupasha nyumba joto. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita na sijawahi kuikumbuka. Nikisikiliza bomba najua limeziba wapi. Visu vya kubonyeza sikuvijua, ingawa nimezaliwa Corwin Falls, mji wa Pennsylvania ulioishi kwa visu hivyo. Vilikuwa mambo ya mama. Alifanya kazi kiwandani, chumba cha mipini, tangu akiwa na miaka kumi na minane mpaka mwaka hamsini na nane, Washington ilipopiga marufuku kuvisafirisha na kiwanda kikafa. Wiki ya mwisho hawakulipwa pesa, walilipwa visu. Mama alirudi nyumbani na vyake kwenye boksi la viatu, akalia, akalisukuma boksi chini ya kitanda.

Visu vyenyewe vilikuwa takataka. Mama mwenyewe alisema hivyo. Viliuzwa vituo vya mafuta na maduka ya misumari, vimefungwa kwa mpira kwenye kadi, kumi na viwili kila kadi, kimoja dola moja na senti tisini na nane. Unabonyeza kitufe, springi inarusha bapa nje, tak. Watu walikatia kamba, walevi walitishiana navyo. Springi ikifa unatupa, unanunua kingine. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watu wazima watavigombania.

Mwaka juzi, kiangazi, mama alikubali kuhamia kwangu. Ana miaka themanini na sita na ngazi za nyumba yake zilikuwa zinamshinda. Tukatoa vitu vyake uani tuviuze, vikombe, mapazia, cherehani, na boksi lile la viatu. Burkett alifika saa mbili asubuhi kabla hatujamaliza kupanga meza. Ni mtu mrefu, mwenye viatu safi, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa visu cha jimbo. Ameandika kitabu cha bei, na wenzake wanakishika kama msahafu. Mimi wakati huo sikumjua. Niliona mstaafu mwenye kofia.

Akafungua boksi, akafunga, akafungua tena. Halafu akapiga miayo.

"Bibi, hivi ni vya kufungulia barua tu," akasema. "Na nusu yake springi zimekufa. Nakupa sitini, kwa heshima ya umri wako."

"Umri wangu hauuzwi," mama akamjibu. "Vinauzwa visu."

Majirani wakacheka, hata yeye akacheka. Akahesabu noti. Halafu, kama mtu anayeulizia habari za mvua, akasema, "Vyote vyeusi na vyekundu. Vya njano hamkuwa navyo?"

"Vya asali? Tulitengeneza elfu nne."

"Elfu nne!" Akageukia watu. "Bibi, vilikuwa kumi na viwili. Nimeandika kitabu."

"Kitabu chako kiliwahi kufanya kazi chumba cha mipini?"

"Kina karatasi ya kiwanda. Sampuli kumi na mbili, zawadi za mabosi. Basi."

"Hizo kumi na mbili ni kadi ya kwanza. Baada ya hapo tuliweka mipini ya asali miezi mitatu mfululizo. Vilikufa. Vile vinaumwa, mwanangu. Ukiweka kimoja na wenzake, kinawaua wote."

Burkett akajigonga kichwani kwa kidole, taratibu, ili kila mtu aone. "Kisu kinaumwa! Na homa mlikipima wapi, kwapani?"

Walicheka tena. Mimi nilitabasamu. Nasema wazi, nilitabasamu, kisha nikambebea boksi.

Februari nilikuwa kwenye chumba cha chini cha mteja mmoja, nabadilisha pampu ya joko. Yule mteja naye anapenda visu. Akaniambia, "Fundi, wewe si Dombek? Si mama yako yule wa visu vya Burkett?" Akanionyesha simu yake. Ulikuwa mnada wa mtandaoni, wa watu wa visu peke yao. Kisu chekundu cha Corwin, "hakijatumika, kutoka kwa mfanyakazi wa kiwanda", dola elfu moja mia moja na hamsini. Cheusi, dola mia tisa. Cheusi kingine chenye kipande cha kadi yake, dola elfu mbili na mia nne. Niliteremka na ukurasa, nikijumlisha kichwani, na nilipofika elfu ishirini nikaacha, nikaiweka spana chini. Vilikuwa ishirini na vinne. Saba alijiwekea.

"Na video umeiona?" mteja akauliza.

Sikuwa nimeiona. Burkett amesimama kwenye meza ya maonyesho, mgongo ameukunja, kitambaa cha meza kichwani, anatetemesha sauti: "Vinaumwa, mwanangu, vinaumwa! Elfu nne!" Watu nyuma yake wanashika mbavu kwa kucheka. Walioitazama walikuwa elfu arobaini na kitu.

Nilimaliza pampu. Sikumtoza mteja. Nikakaa garini bila kuwasha injini.

Nilidhani mama hajui. Kumbe wanawake wa kanisani walikwisha kumwonyesha tangu Krismasi, wakidhani atafurahi kuwa maarufu. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumba ilikuwa kimya. Mama aliyekuwa akisimulia kiwanda kila Jumapili mpaka wanangu wanaziba masikio, habari za msimamizi Ostrander, habari za wasichana waliojulikana dansini kwa harufu ya kafuri kwenye nywele, alikuwa ameacha. Tangu Krismasi hakuwa amekitaja hata mara moja.

Jioni ile, akimenya viazi, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Kaz, au kweli vilikuwa kumi na viwili?"

Dola ningeweza kuzisamehe. Nimepunjwa mara nyingi na watu wenye nyumba kubwa. Lakini mwanamke huyu anakumbuka namba ya kadi yake ya saa ya kiwandani, na mtu mmoja mwenye kitambaa cha meza kichwani amemfanya ajiulize kama ujana wake aliuota. Hapo hapo niliamua kwamba Burkett atajua vilikuwa vingapi, na atajua kwa njia ya kuuma.

"Mama, kile kimoja cha asali ulichokuwa ukikisimulia, bado unacho?"

"Kiko gerejini kwako. Juu ya rafu, karibu na dirisha. Unapita chini yake kila siku."

Lilikuwa bati la biskuti lililotobolewa matundu kwa msumari, limekaa peke yake. Ndani kulikuwa na mfuko wa kitambaa wenye magadi, na juu ya mfuko, kisu. Mpini wake ulikuwa kama asali uliyoinyanyua kwa kijiko mbele ya taa. Sijawahi kuona kitu cha kituo cha mafuta kizuri namna ile.

Mama alinieleza tena, na safari hii nilisikiliza. Mipini ya Corwin ilikatwa kwenye mabamba ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa pamba, tindikali na kafuri. Tindikali lazima ioshwe itoke yote. Ostrander alinunua mabamba ya asali kwa bei ya kutupa, hayakuoshwa vizuri yalikotoka. Miezi michache baadaye, ghalani, mipini ilianza kutoa jasho na mvuke. Mvuke ule uliozesha chuma, ukageuza shaba kijani, ukaingia kwenye mipini ya jirani ikaanza kuumwa nayo. Kadi moja ya asali iliharibu kreti nzima ya vyeusi. Ostrander aliamuru vyote vizikwe shimoni nyuma ya kiwanda na wasichana wafunge midomo. Mama aliiba kimoja, kwa sababu kilikuwa kizuri na alikuwa na miaka kumi na tisa. Wasichana walijua dawa, na kwa dawa hiyo amekiweka hai miaka sitini na sita, akibadilisha magadi kila mwezi kama mtu anayelisha paka.

"Kwa nini hukumwonyesha Burkett?"

"Aliuliza kama tulikuwa navyo. Hakuuliza kama ninacho."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nataka kumuuzia," nikasema.

Akaacha kumenya, kisu cha viazi mkononi. "Utamwambia ukweli?"

"Kila neno."

"Basi chukua."

Watu wa visu wanajua seluloidi huoza. Burkett ameandika ukurasa mzima juu yake. Lakini kwao kitu adimu ni kitu kilichotengenezwa kichache. Hawajiulizi vingine vimekwenda wapi. Kisu kilichofika leo kikiwa kinang'aa, kwao ni kizima, na karatasi ya kiwanda inashinda mdomo wa mwanamke aliyekuwa chumbani. Mimi ni fundi wa mabomba. Kitu kikiadimika, kitu cha kwanza ninachouliza ni kilikopotelea.

Jambo moja nililifanya ambalo mama hakulijua. Kuanzia Juni sikubadilisha magadi. Juu kilibaki kinang'aa, ndani ugonjwa ukaanza.

Septemba nilikipeleka mnadani. Nilikipiga picha dirishani, saa nne asubuhi, jua likipita ndani ya mpini. Bei ya kuanzia niliandika dola moja na senti tisini na nane. Chini yake niliandika hivi: "Kisu cha Corwin, rangi ya asali, mwaka 1957. Kimetunzwa na aliyekitia mpini. Onyo: kiweke peke yake, penye hewa, pamoja na magadi. Ukikichanganya na visu vingine kitaviua. Vilitengenezwa elfu nne, vilikufa hivyo hivyo. Anayesema alikuwepo."

Saa haikupita, Burkett akaandika chini, mbele ya wote: "Hadithi ya bibi ni bure, unalipia kisu tu." Watu wakaweka vicheko. Nami nikajua amenasa, maana mtu asiyekitaka angenyamaza.

Mnada ulifungwa Jumapili saa tisa mchana. Nilimwekea mama kompyuta mezani, kati ya sahani ya pierogi, zile sambusa zake za kuchemsha, na bakuli la vitunguu vya kukaanga. Bei ilikuwa imefika elfu tatu.

"Elfu tatu za nini?" mama akauliza.

"Dola, mama."

"Kwa kile cha senti tisini na nane?"

"Dola moja na senti tisini na nane."

"Usinisahihishe, mimi ndiye niliyevifunga kwenye kadi."

Wakabaki wawili, Burkett, ambaye kule anajiita Mfalme wa Springi, na mtu wa Texas. Elfu nne. Elfu tano na nusu. Burkett akaruka mpaka elfu saba, kama mtu anayepiga ngumi mezani. Texas akaweka elfu saba na mia mbili.

"Huyu wa Texas naye amenikosea?" mama akauliza.

"Hata hakujui."

"Basi ashindwe, Bwana amsaidie." Akafanya ishara ya msalaba, akachukua pierogi.

Elfu tisa. Elfu kumi na moja. Dakika ya mwisho Texas aliweka elfu kumi na mbili, mimi nikasimama, kiti kikaanguka. Niliogopa kweli. Pesa zilikuwa zinapanda na mimi nilikuwa naomba zisipande kwa mtu asiye sahihi. Halafu jina la Mfalme wa Springi likarudi juu, elfu kumi na nne na mia sita, na saa ikafika sifuri.

Mama alifuta vidole kwa kitambaa. Kisha akasema, "Ostrander angezimia." Mara ya kwanza tangu Krismasi kukitaja kiwanda kwa utani.

Burkett alikuja kukichukua mwenyewe, kwa sababu hakuthubutu kukikabidhi posta. Alivaa koti zuri, mkononi ana kijiti cha kushikia simu, anajirekodi tangu getini. Aliniita "rafiki yangu Kaz". Alikichukua kisu, akakiinua kwenye mwanga. Alibonyeza kitufe. Tak. Aliguna kama mtu aliyeonja supu.

"Bibi, njoo tupige picha," akasema. "Watu wanakupenda sana kule."

"Nimeona wanavyonipenda," mama akasema.

Hakuona haya. Akageuza simu imchukue. "Haya, waambie tena mwenyewe. Kisu hiki kinafanya nini?"

Mama alijifuta mikono kwa aproni. Akaiangalia simu, hakumwangalia yeye. "Kiweke peke yake. Weka magadi. Usikifungie. Ukikifungia na wenzake, utavizika vyote."

"Mmesikia, rafiki zangu!" Burkett akaiambia simu. "Sitalala leo!"

"Sanduku lako la mti gani?" mama akamuuliza.

"Mwaloni, bibi. Droo tisa, mpira kila pembe. Halipitishi hata pumzi."

"Mwaloni nao una siki yake, inaozesha chuma."

"Una siki!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Kaz, mama yako ni hazina. Kweli."

"Najua," nikasema. "Na wewe umeambiwa. Mara ya tatu hii. Mimi ningekuwa wewe ningesikia."

"Nimesikia, nimesikia."

Novemba, kabla ya kwenda Florida kuikimbia baridi kama kila mwaka, alirekodi video nyingine. Alipanga visu vyake mia mbili na kumi na viwili kwenye droo tisa, vizuri vyote alivyokusanya maishani, akaweka kile cha asali katikati ya droo ya tano. Vile saba vya mama alivipanga kukizunguka. Akafunga, akamwaga nta nyekundu kwenye tundu la ufunguo. Sanduku litafunguliwa Mei, akasema, maonyesho ya Corwin Falls, mbele ya watu. Mpaka siku hiyo hata yeye hataona ndani.

Niliitazama video ile mara tatu. Najua majoko. Najua nyumba za watu wanaokwenda Florida, wanavyoacha joto limewashwa ili mabomba yasigande, na vyumba vyao vidogo vya hazina vilivyo karibu na joko ili pasiwe na unyevu. Majira yote ya baridi nilikuwa nikienda kazini asubuhi, theluji hadi magotini, nikiwaza mvuke ule ndani ya chumba kile cha joto na sanduku lile lisilopitisha pumzi. Nilikuwa nalala vizuri. Sitadanganya.

Maonyesho yalifanyika ukumbi wa zimamoto, Jumamosi ya pili ya Mei. Nilisimama nyuma, karibu na meza ya kahawa. Watu mia mbili, simu juu. Burkett alipanda kijukwaa na jua la Florida usoni, akavunja nta kwa kisu kidogo, akafungua droo ya kwanza.

Harufu ilifika kwanza. Kafuri, na nyuma ya kafuri kitu kikali kinachokuna koo. Mwanamke wa mbele alirudi hatua moja na kuziba pua. Burkett alikuwa bado anaongea. Aliongea maneno mawili au matatu zaidi akiangalia ndani ya droo.

Alifungua ya pili. Akaruka mpaka ya tano. Nilisogea nione. Kile cha asali hakikuwa kisu tena. Mpini ulikuwa umepasuka vipande vipande kama sukari guru, unatoa jasho. Vilivyokizunguka vilikuwa na bapa za kahawia zilizotoboka na shaba ya kijani, kijani ya bwawa. Kitambaa cha droo kilikuwa kimeliwa. Alichukua kimoja, akabonyeza kitufe. Hakikulia. Alibonyeza tena na tena, mtu mzima mbele ya watu, hakuna tak.

"Nani amefungua sanduku hili?" akapiga kelele. "Nani ameingia kwangu?"

"Nta umeivunja wewe," mtu akasema.

Akaniona. "Dombek! Umeniuzia sumu!"

"Nimekuuzia kisu," nikasema. "Na onyo. Lilikuwa bure, ulisema mwenyewe."

Kijana mmoja wa chama alikuwa ameshaitafuta video simuni. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya mama, tulivu, ikitoka kwenye simu ndogo: ukikifungia na wenzake, utavizika vyote. Halafu kicheko cha Burkett. Hakuna aliyecheka naye safari hii. Mzee mwenye meza ya visu vya mfukoni akasema polepole, "Kwa hiyo vilikuwa elfu nne." Mwingine akamjibu, "Si bibi alisema." Neno hilo nililikunja nikaliweka mfukoni, nikampelekea mama.

Siku tatu baadaye Burkett aligonga mlango wa jikoni. Hakuwa na simu mkononi. Viatu vilikuwa na matope. Nilitaka kumfungia, mama akasema, "Mwache aingie."

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Mama," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Nimekosa. Nilikukosea heshima. Nakuomba radhi."

Mama aliendelea kukunja taulo.

"Droo za chini hazijafa zote," akasema. "Kuna visu sitini, labda sabini, vinaanza tu kutoa jasho. Nimepiga simu kila mahali. Kila mtu ananiambia nivitenge, nisubiri. Lakini ninyi wasichana mlijua kitu. Kile chako kilikaa miaka sitini na sita. Mlifanyaje? Niambie, nitaandika kitabu upya. Nitaandika elfu nne. Nitaandika jina lako, Leokadia Dombek, ukurasa wa kwanza."

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, si ya video. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, zaidi vizuri.

Mama aliweka taulo chini. Nyuma ya bega lake, juu ya rafu, palikuwa na gunia dogo la magadi, limeandikwa MAGADI kwa herufi kubwa, na angeinua macho tu angelisoma. Hakuinua.

"Mwanangu," mama akasema, na sauti yake ikaanza kutetemeka. Niligeuka kumwangalia kwa hofu, kisha nikaitambua. Ilikuwa ni ile ile ya kwenye video, ya mtu mwenye kitambaa cha meza kichwani. "Mwanangu, mimi mzee. Kichwa kimechoka. Watu elfu arobaini wanajua. Dawa ilikuwepo, ndiyo... ilikuwa nini vile? Jamani." Akajigonga kichwani kwa kidole, taratibu. "Imepotea."

Burkett alimtazama. Alielewa. Akasimama, akatafuta mlango kama kipofu. Nilimfungulia. Niliangalia gari lake mpaka likapinda kona.

Niliporudi, mama alikuwa amechukua taulo jingine.

"Maji vuguvugu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "yasichemke. Magadi vijiko viwili vya mezani kwa kila lita. Unavua mpini kwanza, misumari unaitoa kwa nyuma. Dakika ishirini, si zaidi, la sivyo unachuja. Unakausha kwa pumba za mbao. Halafu unaning'iniza penye upepo, siku tisa, visigusane. Ostrander hakuijua. Aliibuni Hedwig Sarnacki, wa meza ya tatu."

Nikakaa. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu ukumbini. "Mama, vile saba vilikuwa vyako. Vya mikono yako. Vilikuwa pembeni kabisa ya kile cha asali."

Alikunja taulo, akalilaza juu ya mengine, akalipapasa liwe sawa.

"Nilishalipwa," akasema. "Dola sitini. Hebu sasa nieleze tena. Anzia pale kwenye harufu."